Ganda la Moto Ndani ya Kanzu

Nicheke kwanza mie mwenyewe, maana nikikuachieni nyie muanze hamtonyamaza mpaka kahawa ipoe. Mengi yaliyonifika ujanani nimeyasahau, lakini siku niliyocheza ngoma mbele ya mji mzima wa Ibra bila ya kujua kucheza, kisha nikatumbukia mahali ambapo hata mbuzi wa pale hawatii mguu, hiyo siisahau, na mke wangu naye haniachi niisahau.

Ilikuwa miaka ya sabini, inaelekea mwisho. Nimetoka Unguja, nimepata kazi ya ukarani katika ofisi moja ya serikali pale Ibra, nchi ya Omani, Kiarabu changu cha kuombea maji, na nimempenda Zuwena, binti wa Ami Khalfan, mzee aliyekuwa na duka Darajani, kule Unguja, zamani na Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Yeye Ami Khalfan alinikubali. Tabu ilikuwa kaka yake mkubwa, Ami Saif, ambaye hajatoka Ibra maisha yake yote, na kwake yeye sisi tuliotoka Unguja kazi yetu ni kula vitamu na kulala mchana (si uongo, lakini ndiyo mtu useme hadharani?).

"Sikiliza mwanangu," Ami Khalfan akaniambia, "siku ya tatu ya Idi watu hulenga shabaha kule wadini, bondeni, kila mmoja risasi tano. Saif kala kiapo, ukilipata jiwe la shabaha hata mara moja tu, yeye mwenyewe atasimamia nikahi yako. Ukilikosa, khalas, mie siwezi kumuoza binti na kaka yangu hataki."

"Na bunduki, ami?"

"Mwanamume huja na yake."

Sasa mie silaha yangu ya mwisho ilikuwa manati, napigia embe za jirani. Na hapa nikupeni siri: mie ni mtu wa kushoto. Bibi yangu alinichapa vidole mpaka nikala kwa kulia, nikaandika kwa kulia, nikatoa salamu kwa kulia, lakini manati hakuwahi kuniona nikipiga, basi hiyo ikabaki kushoto.

Nikadandia gari mpaka Nizwa, soko la Ijumaa, nikamkuta muuzaji mmoja mwenye ndevu za hina, kaishi Tabora miaka mingi, Kiswahili chake cha bara. Nikamwambia ukweli wa mfuko wangu, akanilazia bunduki mbili juu ya mkeka. Moja kongwe, nzito, ndefu, kila risasi uikoki kwa mkono na ganda ulitoe mwenyewe. Ya pili inajikoki yenyewe, we unavuta tu, ila kitako chake kilipasuka kikafungwa waya, ndiyo maana bei yao ikawa moja.

"Kwa mbali, hii kongwe haikudanganyi," akasema. "Hii nyingine ina haraka, lakini ganda la risasi linarukia kulia, tena la moto. Wewe kijana unalenga kwa mkono gani?"

Jamaa waliokuwa wanakunywa kahawa pembeni wakageuka wote, na majambia yao viunoni, kusikiliza jawabu. Nikaona haya. Mtu mzima nitamke mkono wa kushoto mbele ya watu wale?

"Wa kulia, alhamdulillahi."

"Una hakika?"

"Wa kulia tangu kuzaliwa!" (Nani aliniuliza habari za kuzaliwa?)

Akanitazama, akaweka kitako bega la kulia, akapiga tatu, pa pa pa, kopo likaruka, maganda yakaangukia mchangani huko upande wa pili kwa adabu zake. Nikapiga makofi. Nikainunua hiyo hiyo ya waya, na pesa zilizobaki zikatosha risasi tano tu, kwa hiyo mazoezi yangu yote nilifanya chumbani, bunduki tupu, mbele ya kioo, bega la kushoto, na wallahi kwenye kioo nilipendeza.

Siku ikafika. Ami Khalfan akaniazima jambia lake akanifunga na mkanda kwa mikono yake mwenyewe, akaukaza mpaka nikawa napumua nusu nusu. (Huo mkanda uwekeni akilini.) Wanaume wamejipanga wadini, wapiga ngoma wa razha, ule mchezo wa panga, wapo na ngoma zao, wanawake kule chini ya mitende na masufuria. Jiwe limepakwa chokaa, liko juu mlimani, kutoka pale tulipo punje ya mchele. Ami Saif akapiga kwa bunduki ya babu yake, akalipata mara tatu, wala hakutabasamu.

Zamu yangu. Nikalala kifudifudi, na kwa kuwa watu wananitazama, nikaweka bega la kulia. Jicho la kulia likanionyesha milima miwili na jiwe hakuna. Ya kwanza, vumbi. Ya pili sijui ilikwenda Sur, huko pwani. Ya tatu ikatifua vumbi karibu na punda wa mtu, na hapo kicheko kikapasuka mpaka kule mitendeni. Nikageuka nikamuona Ami Khalfan anatazama viatu vyake. Moyo uliniuma kweli kweli, maana yule mzee alijitia dhamana kwa ajili yangu, na Zuwena yupo pale na kicheko kakisikia.

Nikasema potelea mbali, nikahamisha bunduki bega la kushoto. Nikavuta. Jiwe likapasuka!

Kitu kikapita mbele ya pua yangu, sikukijali, watu wanapiga kelele, Ami Khalfan ananiita, "Basi mwanangu, inuka, yatosha!" Ningeinuka pale, leo nisingekuwa na mkasa. Lakini ilibaki moja, na mie nimeshaota pembe. Nikavuta tena.

Ganda likatoka, likaja moja kwa moja, likaingia kwenye shingo ya kanzu, likateremka kifuani, likafika kwenye mkanda wa jambia, likakaa. Halina pa kutokea! Nikatupa bunduki nikaruka juu, nikaruka tena, najipiga tumbo, nalia "Naungua! Naungua!" kwa Kiswahili, Kiarabu chote kimenikimbia. Wapiga ngoma wakadhani naruka kwa furaha ya jiwe. Wakapiga! Na kwenye razha mtu akiruka wenzake humuunga mkono, basi wakaja wanaume sita na panga zao wakaruka na mie, wananichekea usoni, kila nikiruka juu zaidi nao wanaruka juu zaidi.

Nikawapenya nikakimbilia maji. Falaji, ule mfereji wa maji ya mji, ilikuwa pale pale, nikajitosa mzima mzima na jambia la watu. Utamu ulioje! Nikafumbua macho nikamuona mtu kainama na birika la kahawa, ananitazama, kisha akalimimina lote chini, taratibu. Hapo ndipo nilipojua niko wapi. Falaji ina daraja zake: juu kabisa ni maji ya kunywa, hapaingii mguu, wa kuoga wanakwenda chini huko. Mie nilikuwa nimekaa kitako kwenye kahawa ya Idi ya mji mzima.

Ngoma zikanyamaza. Ami Saif akaja mpaka ukingoni, akasema Kiarabu polepole ili nifahamu.

"Jiwe umelipata, na kiapo changu ni kiapo. Maji umeyachafua. Siku saba utachota kule kisimani, kila nyumba uipelekee mlangoni." Kisha akainama. "Ule mkono uliolipata jiwe ni upi?"

"Wa kushoto, ami."

"Na mbona ulianza na ule mwengine?"

Nikamwambia niliona haya. Mzee akacheka, mara ya kwanza watu kumuona.

"Tulikwambia ule kwa mkono wa kulia. Nani alikwambia ulenge kwa huo?"

Nikachota siku saba. Kila nikibisha hodi kwa Ami Khalfan, sauti ya Zuwena inatoka nyuma ya mlango: "Maji haya umeyaleta kwa ndoo, au umekuja nayo ndani ya kanzu?" Nikahi ilisimamiwa na Ami Saif kama alivyoapa, na wapiga ngoma, Mungu awasamehe, walinipigia ile ile.

Kovu lipo, chini kidogo ya kitovu, wala sikuonyesheni. Nimeapa nikiulizwa swali na anayeijua kazi yake, najibu ukweli, wasikie wenye majambia na wasio nayo. Nilianzia kule kule Nizwa, Ijumaa iliyofuata siku saba zile, nilipoirudisha bunduki ya waya. Kabla yule muuzaji hajaniuliza kitu, niliunyanyua mkono wa kushoto mbele ya soko zima. Akatia mkono chini ya mkeka akaitoa ile kongwe, imeshafungwa kitambaa.

"Nilikuwekea tangu siku ile," akasema.