Mama Blandina Anasindikiza Wageni

Kwa miaka miwili nilizungumza na Mama Blandina kupitia nondo. Hakuwa jela. Alikuwa nyumbani kwa mwanawe, ghorofa ya sita, katika jengo letu la Umbilo, Durban, ambalo lifti yake hufanya kazi siku inayojisikia. Kila asubuhi mwanawe Athanase alipokwenda Pinetown, kwenye duka la kutengeneza simu, alifunga geti la chuma la mlangoni na kuondoka na ufunguo. Mkewe Henriette alikuwa ameshatangulia saluni. Mimi, jina langu Sikujua, jirani wa mlango wa pili, nashona nguo za watu nyumbani mchana kutwa. Nikichoshwa na cherehani nilibeba kigoda changu hadi kwenye korido, nikakaa upande wangu wa geti, yeye upande wake, tukapiga soga.

Alikuwa mwanamke wa watu, huyo. Kule Bukavu, kwenye soko la Kadutu, alikuwa na mgahawa wa mabenchi machache, na aliapa kwamba hakuna mtu aliyewahi kutoka pale na njaa. Hapa Durban alinipitishia vitumbua kati ya nondo, kimoja kimoja, kwa sababu sahani haikupenya. Na kila nilipoinuka kwenda zangu alisema maneno yale yale, macho yake chini: "Unisamehe, mutoto wangu. Siwezi kukusindikiza."

Nilijua linamchoma. Kwetu mgeni haondoki peke yake kama mtu aliyefukuzwa. Unatoka naye, unamfikisha barabarani, mnasimama kila baada ya hatua chache, na maneno matamu kuliko yote mnayasema hapo, njiani. Mama Blandina alikuwa amesindikiza watu maisha yake yote. Sasa wageni wake aliwaaga kwa vidole viwili vilivyotokeza kwenye nondo, na taratibu wageni wenyewe wakapungua, tukabaki mimi na fundi wa mita ya maji.

Msimlaani Athanase kwanza. Mimi nilimlaani mapema kwa niaba yenu, ikatosha. Mwanzoni hakuwa akifunga. Siku moja mama yake alishuka kutafuta chumvi, akapotea Umbilo Road, na kwa kuwa Kiingereza hakijui na Kizulu ndiyo kabisa, akapanda taxi ya kwanza iliyosimama mbele yake. Ikampeleka Pinetown! Wakati huo Athanase alikuwa amefunga duka huko huko Pinetown, anakimbilia Umbilo kumtafuta. Walipishana njiani. Alimpata jioni, ameketi kwenye stoo ya Mkongomani mmoja muuza vitenge, anakula. Yeye alicheka. Mwanawe hakucheka. Kesho yake geti likafungwa.

Nilimwomba aniachie ufunguo wa akiba. Akakataa. Alishawahi kuibiwa na mtu aliyekuwa akila mezani kwake, na tangu hapo haamini hata kivuli. "Mama Sikujua, si wewe," aliniambia. "Ni hii Durban."

Basi mchana mmoja nikasikia kishindo, kisha sauti ndogo ikitoka bafuni kwao. Nilikimbilia getini.

"Mama! Uko wapi?"

"Niko chini."

"Iko damu?"

"Hapana. Iko maji tu. Muguu inakataa."

Nilimpigia Athanase. Mlinzi wa jengo alikuja, akalitikisa geti, akasema eish, akaenda kutafuta patasi ambayo hakurudi nayo. Mimi nikakaa chini kwenye korido, mdomo wangu kwenye nondo, nikiogopa jambo moja tu, kwamba atanyamaza. Kwa hiyo nikamchokoza. Nikamwambia anieleze vile wanavyopika sombe, kisamvu chetu, kule Bukavu. Akaeleza kwa shida. Nikamwambia hiyo si sombe, sisi watu wa Uvira tunatia karanga. Yule mama, amelala sakafuni na maji mgongoni, alipandisha sauti!

"Karanga? Kwenye sombe? Munaharibu chakula ya batu!"

Tuligombana mpaka Athanase akafika, shati limelowa jasho. Ufunguo ulimponyoka mara mbili kabla haujaingia. Alipombeba mama yake kutoka bafuni alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima, na sikuwa tena na hamu ya kumlaani.

Nyonga haikuvunjika, lakini iliumia, na daktari akasema asiachwe peke yake. Rahisi kusema. Henriette angemwachia nani saluni? Msichana wa kazi waliyemleta alikaa wiki moja. Mimi nilijitolea, Athanase akaniuliza nguo za watu zitashonwa na nani. Ndipo muuguzi mmoja akawatajia nyumba ya wazee ya masista, kule juu Glenwood, nyumba ya zamani yenye veranda pana, iliyokuwa na chumba kimoja wazi. Dada yake Athanase, Mireille, aliyeko Lyon, Ufaransa, akaahidi kusaidia kulipa. Wakakubaliana mwezi mmoja wa kujaribu, halafu waamue.

Habari zilifika kanisani kabla ya sanduku la Mama Blandina kufika Glenwood. Papa Josias, kiongozi wa ushirika wetu wa watu wa Kivu, alisimama baada ya sala. Papa Josias ana sauti ya kutosha uwanja wa mpira.

"Vraiment, Athanase, kweli? Mama yako muzazi, unamutupa kwa bageni? Sisi hatuna desturi hiyo!"

Wote wakaitikia. Hata mimi niliitikia, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Lakini moyoni nilikuwa najiuliza ni lini mara ya mwisho Papa Josias alionekana ghorofa ya sita.

Nilikwenda kumwona Mama Blandina wiki ya pili. Nilimkuta kwenye veranda, ameshika chuma cha kutembelea chenye miguu minne, amevaa kitenge chake cha Jumapili siku ya Jumatano.

"Niambie ukweli, Mama. Hapa iko aje?"

Alianza na mabaya. Chakula cha jioni kinaletwa jua likiwa bado kali, viazi vya kupondwa visivyo na chumvi. Jikoni haruhusiwi kuingia. Masista wanamwita Blandina, hivi hivi, jina ambalo tangu baba yake afe hakuna aliyelitamka bila Mama mbele yake. Wafanyakazi Wazulu angalau wanamwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Na hakuna hata mmoja anayejua Kiswahili.

"Maneno yote inanibakia tumboni," alisema. "Nikikuona wewe inatoka yote mara moja, unisamehe."

Kisha akashusha sauti. "Juzi bibi mumoja wa meza yetu alikufa. Asubuhi kiti yake haiko. Hakuna mutu alilia, hakuna matanga. Batu banakunywa chai. Sikujua, miye naogopa. Nikifia hapa, batatoa kiti tu."

Nilisimama nikafunge sanduku lake saa ile ile. Akanishika mkono, akanivuta nikae. Akatia vidole ndani ya blauzi, akatoa kamba aliyofungia rozari, na pembeni ya msalaba ulining'inia ufunguo.

"Siku ya kwanza," alisema, "hata sijakaa, balinipatia hii."

Akaniongoza mpaka chumbani kwake, polepole, chuma kikigonga sakafu. Akafungua mlango. Tukaingia. Akafunga. Akafungua tena, akafunga tena, anaangalia kama nimeona vizuri. Kando ya kitanda kulikuwa na kengele ya kuvuta, na alisema siku ya tatu aliivuta bila sababu yoyote, kupima tu. Msichana mmoja, Nokuthula, alifika mbio. Alipoona hakuna aliyeanguka hakugomba. Alikaa kidogo, akamfunga lemba lake, akaenda. Na kila asubuhi walimfanyisha mazoezi ya mguu. Aliniomba radhi kwamba bado hawezi kushuka veranda kunisindikiza, kwa hiyo tukaagana mlangoni.

Nilishuka kutoka Glenwood nikiwa na hasira na pande zote mbili. Kwa mwanawe alikuwa na lugha, chumvi na jina lake la heshima, lakini hakuwa na mlango. Kwa masista alikuwa na mlango, kengele na mguu unaopona, lakini hata kifo chake hakikuwa na wa kukililia. Nilishindwa kuona kwa nini mtu aliyewalisha wengine maisha yake yote apewe nusu moja tu ya maisha. Hata sasa sijaona.

Mwezi ulipoisha, Papa Josias aliamua kwa niaba ya wote. Athanase walimbana mpaka akakubali kumrudisha mama nyumbani, na Jumapili baada ya ibada tukapanda Glenwood kumchukua. Tulikuwa wengi. Akina mama walivaa kitenge cha sare, wengine wamebeba masufuria kichwani, bugali, sombe, na ndagala, dagaa wa kwetu. Viti havikutosha, kwa hiyo tukakaa chini kwenye majani, miguu imenyooshwa, na mtu akaanzisha wimbo wa taratibu. Hakuna kati yetu aliyefikiria tunafanana na nini. Madirishani wazee walisimama wakituangalia, babu mmoja akavua kofia. Nokuthula akaja mbio, akainama, akanong'ona kuniuliza ni nani amefariki.

Mama Blandina akatokea verandani. Kile chuma hakuwa nacho tena, alikuwa na fimbo tu. Akatutazama tulivyokaa, masufuria katikati.

"Kwani nilisha kufa?"

Wimbo ukakatika. Halafu yeye mwenyewe akaangua kicheko mpaka akashikilia nguzo, na sisi tukacheka, wengine kwa aibu.

"Mama," alisema Papa Josias, "tumekuja kukurudisha nyumbani. Athanase amekubali."

Athanase aliangalia viatu vyake.

"Tukule kwanza," alisema mama.

Alikula sombe yangu, akasema imeharibiwa na karanga, akaongeza. Akapeleka sahani kwa yule babu wa kofia na kwa bibi wa Kihindi wa chumba cha jirani. Alipomaliza kunawa mikono ndipo akageuka.

"Papa Josias, kule Umbilo ulifika kuniona siku gani?"

"Mama, unajua ile lifti..."

"Iko na ngazi pia."

Watu wakaficha nyuso. Hakumwonea, alimwacha, akatuangalia sote. "Niliogopa nikifia hapa hakuna mutu atakuja. Leo matanga yangu nimeiona kwa macho, hata nimekula. Donc, basi, sitaogopa tena. Lakini mbele ya kufa, mukuje mumoja mumoja. Mulete chumvi."

Athanase alipiga magoti mbele yake. "Mama, rudi. Nitakutengenezea ufunguo. Nitakupatia leo."

Nilimwona mama anautaka ufunguo ule. Aliutazama uso wa mwanawe, akampangusa jasho kwa ncha ya kitenge.

"Na nikianguka tena? Ufunguo iko kwangu, miye niko chini. Nani atanifungulia?"

Akamshika mwanawe mkono, akamwinua.

"Najua ulinifunga juu ya kunipenda," alisema. "Kwako nilikuwa nakuona asubuhi, nakuona usiku. Hapa sitakuwa na ile, na inaniuma sana. Lakini nabakia."

Papa Josias alitaka kusema neno, akina mama wakamtazama, akalimeza. Tukakusanya masufuria. Mama Blandina akakaza kitenge kiunoni, akatwaa fimbo.

"Twende nibasindikize."

Mwanawe alimwambia atachoka, hakumsikia. Tulitoka getini, mlinzi akamwinulia mkono, tukashuka barabara polepole kwa mwendo wake. Alinishika mkono mimi. Alisimama kila baada ya hatua chache, na kila aliposimama alikuwa na jambo la kusema, la Kadutu, la karanga, la Nokuthula ambaye sasa anajua kusema habari ya asubuhi. Miaka miwili nilikuwa mgeni wake, na sikuwahi kutembea naye. Nilijifanya kitu kimeniingia jichoni.

Alitufikisha mpaka kwenye robot ya kona, yaani taa za barabarani, ikawaka kijani, tukavuka kwa makundi huku akitaja jina la kila mmoja. Akabaki Athanase, aliyedhani atamrudisha mama yake ndani. Mama akampa mkono, ule mkono wa kumuaga mtu.

"Haya, baba. Musalimie Henriette. Kesho kutwa ukuje."

"Mama, twende nikufikishe kwanza."

"Hapana. Wewe nenda. Miye nitarudi."

Nikiwa upande wa pili wa barabara nilimwona Athanase alipoelewa. Mtoto wa nyumbani hasindikizwi. Mama yake hakuwahi kumsindikiza popote tangu azaliwe, na sasa amemfikisha barabarani. Taa ilikuwa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, na hakusogea. Mwisho akavuka. Alipofika kwetu aligeuka, na sote tukageuka. Mama Blandina alikuwa bado amesimama pale pale, mkono juu, kama inavyompasa mwenye nyumba, anangoja mgeni wake apotee kwanza machoni.