Mihuri Kumi na Saba Ndani ya Ndoo

Tajudini amenidhulumu. Ameandika kitabu cha historia ya ofisi ya vyama vya wanafunzi, pale chuo kikuu nilipofagia miaka kumi na tisa, na humo amejipa kazi niliyoifanya mimi. Mimi ni Ghanima wa mtaa wa Buyenzi. Sikusoma. Maneno haya nayasema, binti yangu Houda anayaandika.

Ofisi ilianza na chumba kimoja nyuma ya jiko la wanafunzi, meza moja na kabati la mbao. Tajudini ndiye alikuwa mkuu, ndevu bado nyeusi, kalamu tatu mfukoni. Chama kikitaka ukumbi, au basi la kwenda Gitega, barua ilipigwa muhuri wa chama, na mihuri yote ilikaa kabatini. Ilipozidi kumi, Tajudini akawa anaichanganya. Siku moja wapiga ngoma waliomba uwanja kwa muhuri wa chama cha kutunza ziwa, mkubwa wa chuo akauliza kama samaki nao wanacheza.

Basi nilichana vitenge vyangu vya zamani, nikafunga kipande kwenye mpini wa kila muhuri. Kijani kwa watu wa ziwa, chekundu kwa wapiga ngoma, cheupe chenye nyota kwa wanafunzi Waislamu. Toka hapo wanafunzi hawakumwuliza Tajudini tena, walinijia mimi kutaka kashe, ndio muhuri.

"Mama Ghanima, kashe yetu!"

"Yenu ipi? Nyinyi ndio wale wasiorudisha viti?"

"Apana, mama, hao ni watu wa maigizo. Sisi tuna adabu."

"Adabu yenu naifagia kila asubuhi."

Ukaja mwaka ule wa fujo za siasa, watu wakisakwa majumbani, chuo kikafungwa. Tajudini alinipa ufunguo na kusema, "Fanya unavyoona," akaenda kwa shemeji yake kijijini. Mlango wa ofisi ya jirani ulivunjwa. Kabatini mwetu, pamoja na mihuri, kulikuwa na daftari la majina: nani yuko chama gani, anakaa wapi. Hata asiyejua kusoma alijua siku zile jina kwenye karatasi linaweza kumfanya nini mtu. Nikatia vyote ndani ya ndoo, nikafunika kwa matambara ya kupigia deki, yaliyolowa.

Getini alikuwepo Atumani, mlinzi. "Mama Ghanima, ndoo imekulemea kama mimba ya mapacha!"

"Wakitoka nitakuletea uwalee. Nipishe."

Alicheka, akanipisha. Niliibeba ndoo hadi nyumbani. Vitu vile vilikaa miezi mitano chini ya gunia langu la mkaa. Chuo kilipofunguliwa nilivirudisha vyote, mihuri kumi na saba, daftari bila ukurasa kupungua. Tajudini alihesabu, akasema, "Vizuri." Neno moja.

Mwaka jana ofisi ilitimiza miaka yake ishirini. Waliniita ukumbini nigawe chai. Mihuri ilipangwa mezani, vitenge vyangu bado mpinini, vimepauka. Tajudini akasimama na kitabu chake mkononi, akawaambia wageni kwamba wakati wa fujo aliitoa mihuri yeye mwenyewe, ndani ya mkoba wake, kwa kuhatarisha maisha.

Rania alikuwa kando yangu. Zamani aliongoza wanafunzi Waislamu, jina lake lilikuwa la kwanza katika daftari lile. Leo ni mwalimu, anakaa Kanyosha. Alinong'ona, "Mkoba gani? Vitambaa hivi ni vya nani?" Akaanza kusimama. Nikamshika mkono.

"Kaa, mwanangu. Tusimwaibishe mtu mbele ya wageni."

"Mama, anakuibia!"

"Msitiri. Nitaongea naye mwenyewe."

Nimelelewa hivyo, aibu ya mtu unaifunika. Rania alikaa, machozi yakimlenga. Watu wakapiga makofi. Mkono ule ninaujutia kila siku.

Wageni walipoondoka nilimfuata. "Tajudini, nimekusitiri. Sasa sahihisha."

Hakunitazama. "Kitabu kimeshachapwa, Mama Ghanima. Na wewe hujui kusoma, kitakuuma wapi?"

Houda alinisomea kitabu chote, jioni tatu. Kuna jina la fundi aliyetengeneza kabati. Kuna jina la mbwa wa mlinzi. Alipofunga, mwanangu alisema tu, "Mama, haumo."

Kwa Rania nina deni la kumwomba radhi, na nitashuka Kanyosha Ijumaa baada ya swala. Hilo ni langu. Tajudini amestaafu, yuko Ngagara, ana afya na sauti yake haijapungua. Sitaki kitabu kingine. Anadaiwa kurudi ukumbini, awaite watu walewale, aseme kwa mdomo wake kwamba mihuri na majina ya watoto wale vilitoka chuoni ndani ya ndoo ya Ghanima. Hajasema bado.