Ndugu wa Ng'ambo na Sare za Kwaya

Niseme mapema ili msinisubiri: duka la binti yangu lilikufa, na mkono wangu umo.

Shule niliishia darasa la tatu, kule Mbozi, kwa sababu kahawa ya baba ilikuwa na haja na mikono yangu kuliko mwalimu alivyokuwa na haja na kichwa changu. Kwa hiyo naandika kama ninavyoongea, na anayejua nukta zikae wapi atazipanga mwenyewe. Binti huyu ni wa mwisho kuzaliwa. Amebeba jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana tangu mdogo namwita mama. Alikuwa na meza ya nguo sokoni hapa Tunduma, mpaka bodaboda ilipomwangusha njia ya Galula, akiwapelekea fulana wachimba dhahabu. Nyonga haikurudi kuwa nyonga. Hospitali walimfunga, wakamfungua, wakamwambia ashukuru Mungu. Sasa mtu wa magongo atauzaje kwenye soko la Tunduma, mahali ambapo mteja anavutwa kwa mkono na wauzaji watatu kwa mpigo? Mumewe alivumilia miezi michache, akasema anakwenda Zambia kutafuta kazi. Nadhani aliipata, kazi au mke mwingine, maana namba yake haipatikani mpaka leo.

Basi binti akafungua duka ndani ya simu. Mimi sikuelewa.

"Bidhaa ziko wapi, mama?"

"Sina bidhaa, baba. Nina picha."

"Unauza picha?"

"Nauza kitu kilichoko kwa mtu mwingine. Mteja akikipenda kwenye picha ananilipa, mimi namlipa mwenye mzigo, na mwenye mzigo anaupandisha kwenye basi moja kwa moja mpaka kwa mteja. Mimi wala siugusi."

"Na asipoupandisha?"

Akacheka kidogo. "Hapo ndipo penye kazi. Duka lote hili ni kumpata mwenye mzigo mkweli."

Hakumpata. Mmoja alimtumia mwalimu wa Vwawa viatu, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Nilitaka kucheka, nikaona uso wa binti yangu, nikakohoa badala yake. Mwingine alipokea malipo ya sufuria za mama mmoja wa Ikinga, halafu namba ikazimwa siku hiyo hiyo. Mwingine alikuwa mkweli kabisa ila mzigo wake ulifika baada ya harusi iliyokuwa ikiusubiri. Kila mara anayeomba radhi ni yeye. Nilimsikia akiomba radhi mpaka sauti yenyewe ikawa kama imekunjwa. Ndipo nikaelewa kwamba ile simu ndiyo miguu yake iliyobaki, na hao watu wasiojulikana wanaikanyaga.

Nikamwambia, "Hawa unawaokota hewani. Mimi nitakutafutia mtu."

Nisijipambe. Sikusema hivyo kwa huruma tu. Mzee akishakaa sana nyumbani kwa watoto anakuwa kama kigoda, watu wanamzunguka wakipita, wakifagia wanamwambia ainue miguu. Nilitaka kuwa na kazi. Na kazi hii niliona naiweza, kwa sababu ujana wangu nilivusha mahindi kwa baiskeli kwenda Nakonde, upande wa Zambia, miaka mingi, na lugha yetu ya Kinamwanga, cha upande huu na cha upande ule ni kimoja. Serikali ndizo mbili. Misiba ni ile ile. Nikipita kati ya malori yaliyopanga foleni mpaka macho yanachoka, sijioni nimeondoka nchini, najiona nimekwenda kwa majirani.

Nikaelekezwa kwa mtu anayetoa vitenge kwa jumla, kwenye kichochoro nyuma ya soko lao. Nilimkuta ameketi nje kwenye benchi, mbele ya mlango wa chuma uliofungwa. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi. Aliponiona aliinama akapiga makofi ya heshima, taratibu, kama walivyotufundisha wazee wetu, si haya makofi ya siku hizi ya kufukuza nzi. Nikamwuliza yeye ni wa nani. Akanitajia babu yake. Nikaketi kando yake. Bibi yangu mzaa baba alitoka nyumba hiyo, ya wale waliovuka kutoka Momba wakati wa njaa. Nikamwuliza babu huyo amezikwa wapi, akanitajia mto na upande wa mto. Nikamwuliza watoto wa shangazi yake walilelewa na nani, akajibu bila kusita, tena akanisahihisha mimi jina moja.

Tulikaa pale saa nyingi. Tulikunywa munkoyo, kile kinywaji chao cha mahindi na mizizi, tukawafufua marehemu wote wa pande mbili. Ule mlango ulikuwa nyuma ya mgongo wangu muda wote. Sikusema hata mara moja, hebu fungua nione. Kwetu, kumwambia ndugu afungue ghala ili uhakikishe kama kweli ana mali, ni kumwita mwizi mbele ya babu zake.

Nikarudi nyumbani nikiwa kijana.

"Nimempata, mama. Kumbe ni ndugu yetu."

"Ana mzigo mkubwa?"

"Ni ndugu kabisa, upande wa bibi."

"Nimesikia, baba. Mzigo umeuona?"

"Nitauonaje, na mlango ulikuwa umefungwa?"

Akanitazama. Angekataa wakati ule, leo nisingekuwa naandika. Hakukataa, kwa sababu aliyeleta habari ni baba yake.

Na mwanzo ulikuwa mzuri, hilo lazima niliseme. Doti mbili zilikwenda Mlowo, zikafika. Nyingine ikaenda Vwawa, rangi ile ile ya kwenye picha. Binti yangu akaanza kuimba akipika, kitu ambacho sikukisikia tangu ajali. Ndipo mwenyekiti wa kwaya ya kinamama, wa kanisa moja huko Vwawa, akampigia. Kanisa lao jipya linawekwa wakfu, askofu anakuja, wanataka kwaya nzima kitenge kimoja. Wakachagua picha ya buluu yenye maua ya njano. Wakalipa. Binti yangu akatuma fedha ng'ambo, akaniambia, "Baba, hii ikifika salama, makanisa yote ya Mbozi yatanijua."

Haikufika. Wiki ya kwanza ndugu yetu akasema mzigo uko njiani. Wiki ya pili uko njiani. Binti akiuliza njiani wapi, anajibiwa, "Nisalimie wote hapo nyumbani." Mwenyekiti alianza kwa kumwita mwanangu. Siku zilivyosogea akamwita dada. Mwishowe akawa anaanza maneno bila kumwita chochote.

Nikavuka. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno makali, mengine kwa Kinamwanga, mengine ya Kibemba kwa sababu matusi ya Kibemba yana uzito. Nilipofika, mke wake alipiga goti, akanikaribisha kwa lile neno la heshima la Kibemba, "Kalibuni, mukwai, leo tumepata mgeni," na kabla sijaketi vizuri nikasikia kuku analia nyuma ya nyumba. Sasa niambieni, mtu anaanzaje? Kuku ameshachinjwa kwa ajili yako. Utamwambia mwenye nyumba yeye ni tapeli ukiwa umeshika paja mkononi? Nikala. Tena nikala vizuri, na hilo nalo linaniuma.

Baada ya kunawa ndipo nikasema, kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, naomba nione vile vitenge."

Hakuona haya hata kidogo. Alinipeleka kule kichochoroni, akatoa ufunguo, akafungua. Ndani kulikuwa na magunia mawili ya mahindi, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na kitanda cha mtoto.

"Vitenge viko wapi?"

"Viko kwa jamaa yangu wa Kitwe, kaka. Yeye ananitumia picha, mimi namtumia binti yetu. Zile za kwanza nilinunua hapo sokoni kwa jirani, nisiwaangushe."

"Na huyo wa Kitwe anavyo?"

Akafikiri. "Anasema vinatoka kwa mtu wa Kongo. Fedha nimeshampelekea, na yeye amepeleka mbele." Halafu akatabasamu, kwa upendo kabisa. "Mimi na binti yetu kazi ni moja, kaka. Nami nina duka la simu."

Hakuwa mwizi. Ingekuwa afadhali angekuwa mwizi, ningepata wa kumshika. Huyu alikuwa amesimama gizani kama sisi, ameshika mkono wa mwingine, na huyo mwingine ameshika mkono wa mwingine, na kitenge hakuna anayejua kiko wapi.

Mkewe alinifungia mapaja yaliyobaki kwenye hotipoti nimpelekee binti. Nikampelekea. Alifunua kifuniko akatazama ndani.

"Baba, umekwenda kufuata vitenge, umeniletea kuku."

Aliifunika hotipoti akaisogeza pembeni. Hakula.

Tuliuza kahawa yangu ya mwaka ule, ya shamba alilonirithisha baba kule Mbozi, ikiwa bado haijakauka sawasawa, kwa bei ya mtu aliyekata tamaa, kwaya wakarudishiwa fedha yao yote. Yote, naandika tena. Kanisa likawekwa wakfu, kinamama wakaimba mbele ya askofu kila mmoja na nguo yake. Picha ziliruka kwenye simu wiki nzima. Binti yangu alizitazama zote, moja moja.

Halafu akaandika tangazo la kufunga duka, akanisomea kabla ya kulirusha. Aliwaomba radhi wateja. Akaeleza kwamba msambazaji wa Nakonde alipokea malipo bila kuwa na mzigo. Akaweka namba yake, watu wajihadhari naye.

Nikamwambia, "Hayo ya Nakonde yaondoe, mama."

"Kwa nini?"

"Ni ndugu. Kesho akifiwa tutaingiaje kwake?"

"Nikiyaondoa, baba, anayebaki hapa ni mimi."

"Ni ndugu yetu, mama."

"Na mimi?"

Nilipaswa kujibu pale pale. Nilichelewa. Sikuchelewa sana, ila aliona. Akainamia simu akaanza kufuta, neno moja moja, akilitamka kila analolifuta, mpaka yakabaki matatu: Samahanini, duka limefungwa. Akayarusha hivyo hivyo.

Hajaniambia neno baya tangu siku ile. Ananipa chakula, ananiuliza kama nimelala vizuri. Simu amempa dada yake.

Majuzi nilikuwa Vwawa kwa shughuli za kahawa, nikasimama kununua karanga kwa mama mmoja sokoni. Hanijui. Alikuwa akiongea na mwenzake, akanigeukia na mimi anishirikishe, kama wanavyofanya.

"Umesikia, mzee, yule msichana wa magongo wa Tunduma? Alikula sare za kwaya nzima."

"Nzima?" nikasema.

"Nzima! Na ulemavu wake ule, hamwogopi Mungu."

Nikasema, "Aisee." Nikalipa karanga zangu, nikaondoka.