Namba ya Kichwa cha Mdogo Wangu

Mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini na minne, shida iliingia nyumbani kwetu Magamba ikakaa. Mdogo wangu alianguka kutoka juu ya mti kule msitu wa Ugalla akirina asali. Kichwa kikagonga mzizi. Alipozinduka, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa.

Dakta mgeni wa hospitali ya misheni, akirudi kwao Ulaya, aliondoka naye. Chuoni kwake walikuwa wanajaribu mashine mpya ya kupiga picha za ubongo. Mwaka uliofuata akamrudisha, na bahasha ya picha. Mguu ulikuwa vilevile.

Kwetu mizinga ya mtu haiguswi mpaka mwenyewe atamke. Ya mdogo wangu ilikuwa bado juu ya miti, nyuki wamehama, nondo wanakula masega, na yeye anasema, "Msimu ujao napanda." Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu: atapanda au hapandi?

Dakta akainua picha dirishani. "Bwana, mashine inapima maji yanavyotembea ndani ya ubongo, kila upande. Kompyuta inakokotoa vipimo hivyo, inatoa namba moja kwa kila sehemu ndogo. Ikiwa kubwa, maji yanafuata nyuzi, yaani nyuzi ni nzima. Ikikaribia sifuri, maji yanatapakaa ovyo. Nyuzi zimeharibika."

Darasa la pili sikumaliza, ila mizinga ya magogo nimechonga tangu utoto. Gogo zima, maji yanafuata uzi wa mti. Lililooza linalowa kote.

"Na nyuzi za mguu wake?" nikauliza.

"Za mguu mzima, namba ni kubwa. Za huu mwingine, imeshuka karibu na sifuri."

"Basi zimeoza."

Sikunong'ona, na mdogo wangu alikuwa amekaa palepale. Akacheka.

"Kaka, hata dakta hajathubutu kusema hivyo." Akaiangalia ile picha muda mrefu. "Haya, iteremshe mizinga. Ila usiirine kwa moshi mwingi kama yako, asali inanuka."

Niliiteremsha mwenyewe, nikaisafisha, nikaitundika jirani na yangu. Alikufa bila kupanda mti tena.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, shamba la mahindi, ng'ombe sita, baiskeli mbili, na mizinga yangu. Vyote nimevipata kwa mikono hii. Ninayo pia ile bahasha, na mizinga kumi na miwili ya mdogo wangu, ambayo alama aliyoichonga kuonyesha ni yake sijaikwangua.