Vidonge Kwenye Kopo la Ulezi

Admin, nifichie jina langu, na la mkamwana wangu ulifiche zaidi, maana yeye bado kijana. Mimi ni mama wa miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu, naishi Ipogolo, Iringa, kwa mwanangu wa pekee. Nilizaliwa bonde la Usangu, lakini kijiji chetu tulihamishwa zamani, na leo hata nikitaka kuonyesha mahali nyumba yetu iliposimama sina wa kumwonyesha. Niliyebaki naye wa kuzungumza Kisangu ni dada yangu mmoja, anayekaa Igawa. Namtaja mapema kwa sababu yumo ndani ya kisa.

Mwanangu ni dereva wa lori la Tunduma, nyumbani hupita tu. Mkewe, binti wa Mbeya, alijifungua kwa upasuaji baada ya presha kumpanda vibaya. Alitoka hospitali na mtoto wa kike mwenye afya, na vidonge vya presha vya kumeza kila siku. Dada akaja kumwona mzazi. Kwetu hakuna anayekwenda kwa mzazi mikono mitupu: alileta mchele, kuku, na kwenye pindo la khanga alifunga vidonge vilivyobaki alipotibiwa nyonga. Watu wetu dawa iliyobaki hawaitupi, wanagawiana kama wanavyogawiana mbegu. Mimi nilikuwa sokoni. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mkamwana wangu alilalamika mshono unauma, dada akafungua pindo, akamtania kwamba kama vimemsimamisha bibi kizee, yeye binti vitamrusha. Akameza, akaachiwa na vingine. Nani angemkatalia mama mkubwa wa mumewe?

Kesho yake mchana mtoto hakuamka kunyonya. Tulimvua nguo, tukampapasa nyayo kwa maji, akafumbua macho kidogo na kuyafumba. Mwili ulikuwa umelegea, pumzi zinakuja kwa kusuasua. Tukapanda bajaji hadi hospitali. Daktari aliuliza kwanza mama amemeza nini, na mkamwana wangu akatoa vile vilivyobaki. Ilikuwa dawa kali ya maumivu, ya zile zinazoleta usingizi, na ilikuwa imepita kwenye maziwa. Mtoto aliwekewa oksijeni, akaangaliwa hadi dawa ikamtoka mwilini. Alipona. Siku ile sikulia wala sikuomba. Nilikaa kwenye benchi nikisoma tangazo lile lile la chanjo ukutani, tena na tena.

Daktari alituelewesha taratibu. Dawa ya mtu mwingine isimezwe, hata kama maumivu yanafanana. Mama akienda hospitali au duka la dawa aanze kwa kusema ananyonyesha, asisubiri kuulizwa. Tena dawa nyingi hazina shida kwa anayenyonyesha, na zile za presha alichaguliwa wakijua ananyonyesha, kwa hiyo asiziache. Mkamwana wangu aliitikia kila neno. Mwanangu aliporudi safari alimpiga marufuku dada yangu kukanyaga kwake. Dada naye simu zangu hapokei.

Juzi nilichota ulezi wa uji kwenye kopo, kijiko kikakwaruza kitu. Vilikuwa vile vidonge vya presha, vingi, vimezama kwenye unga. Nikamwonyesha. Hakukana. Alikuwa ananyonyesha na hakuinua hata kichwa.

"Mama, hata vile vya mama mkubwa viliitwa dawa," alisema. "Nimemtikisa mwanangu hakuamka. Sitaki kitu kingine kipite kwenye maziwa haya."

Nikamuuliza, "Na presha ikikuangusha, nani atamnyonyesha?"

"Utamlea wewe," akajibu, kama anayenituma chumvi.

Akaniomba nisimwambie mumewe, kwa sababu atamlazimisha amwachishe mtoto ziwa ili ameze vidonge, wala nisiseme hospitali. Nikisema, atambeba mtoto aende kwa mama yake Mbeya, na huko juu mlimani kituo cha afya kiko mbali. Sikuahidi, lakini sikukataa pia. Anajua nilishahamishwa mara moja nikabaki bila watu. Anajua neno hilo la kuondoka linanigusa wapi. Asubuhi naona uso wake umevimba kidogo, na akiinuka hushika mlango kwanza. Anasema ni uchovu. Nimefundisha watoto wa watu kusoma maisha yangu yote, nimesoma vitabu vingi, na sentensi ya kumwambia huyu mmoja sina.

Leo amenikorogea uji wa kopo lile lile, akanipa kwa mikono miwili kama kawaida yake. Nimeunywa wote. Sisikii hasira, sisikii huzuni, nasikia tu kwamba chumba kimetulia. Kesho asubuhi ana kliniki na ameniomba nimbebee mtoto, kwa hiyo kwa daktari tutaingia pamoja. Nikisema, huenda basi la Mbeya likanichukulia yeye na mjukuu. Nikinyamaza, huenda nikaachiwa mtoto kweli.

Nyinyi mliowahi kunyonyesha huku mnatumia dawa, nishaurini kabla hakujakucha: niseme mbele yake, au kuna maneno ya kumfanya aseme mwenyewe?