Matundu Matatu Mwishoni mwa Utepe

Siku makumbusho yalipozindua maonyesho ya waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari, Mayasa Khatibu Tumu aliamriwa akae stoo ya mafagio mpaka wageni watakapoondoka. Hakufungiwa kwa ufunguo. Aliambiwa tu kwamba sare ya usafi haipendezi kwenye picha. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mlango ukiwa wazi upana wa kiganja, na kutoka hapo akamsikia Daktari Venter, mhifadhi mkuu, akiwasomea wageni maneno ambayo ni yeye Mayasa aliyeyatoa kwenye utepe wa karatasi uliokuwa bubu kwa zaidi ya miaka mia na ishirini. Wageni wakapiga makofi. Daktari akaishukuru timu yake ya utafiti. Katika timu hiyo hapakutajwa mfagiaji.

Mayasa alikuwa na miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Unguja, mkazi wa chumba kimoja katika nyumba kuukuu ya mtaa wa Bellevue, Johannesburg, iliyogawanywa mafungu saba. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisafisha jengo lile la Braamfontein, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza anajua nini. Watu wa aina yake huulizwa wamemaliza saa ngapi.

Alichokijua alikirithi. Babu yake, Tumu bin Yasini, aliingia kituo cha waya cha Unguja mwaka 1889, kuosha vyungu vya betri zilizotoa umeme wa mashine. Enzi hizo habari kutoka Durban haikuweza kwenda moja kwa moja hadi Aden na kuendelea Ulaya, kwa kuwa nguvu ya umeme ilififia njiani. Ilibidi ipokewe Unguja, isomwe na mtu, kisha ipigwe upya kwa mkono, herufi kwa herufi. Ilifika ikiwa mstari wa wino unaopanda na kushuka juu ya utepe mwembamba: kilima ni alama fupi, bonde ni alama ndefu. Tumu alijifunza kuusoma mstari ule kwa kuchungulia mabegani mwa makarani. Homa ilipowalaza makarani, yeye ndiye aliyekalishwa kitini. Walipopona, alirudishwa kwenye vyungu.

Kila karani alitia herufi mbili za jina lake mwishoni mwa utepe alioushughulikia. Tumu hakuruhusiwa, kwa sababu daftarini alikuwa mwosha vyungu, na mwosha vyungu hawezi kuwa amepeleka habari London. Basi akachukua pini. Kila utepe uliopita mikononi mwake aliutoboa matundu matatu mwishoni, yamekaa kama mafiga. Mwanawe Khatibu alirithishwa hadithi hiyo pamoja na usomaji wenyewe, naye akamfundisha Mayasa kwa chaki kwenye sakafu ya jikoni, kilima na bonde, mpaka mtoto akaweza kusoma jina lake.

Hivyo asubuhi moja, wiki tatu kabla ya uzinduzi, alipokuwa akifuta kioo cha kabati jipya, mkono wake ulisimama wenyewe.

"Mama, kioo kimeshakuwa safi. Uko unaangalia nini?" aliuliza Ezéchiel, mlinzi wa mlangoni, mtu wa Bukavu.

"Wameuweka kichwa chini, Ezéchiel. Vilima vimekuwa mabonde."

"Eish. Docteur mwenyewe ndiye aliuweka. Na iko na diplôme tatu, ule."

"Basi kaupindua kwa diploma zote tatu."

Ezéchiel akacheka hadi akashika mkanda wa suruali. Kisha akauona uso wa Mayasa, akasogea karibu. Mayasa alikuwa ameinama hadi pua inakaribia kioo, mahali utepe ulipoishia. Palikuwa na matundu matatu.

"Huyu ni babu yangu," alisema.

"Babu nani, Mama? Pale kuko karatasi tu."

Kibandiko cha wakati huo kilisema kwamba maana ya utepe haijulikani na kwamba huenda ulikuwa wa majaribio ya mashine. Mayasa alitumia mapumziko mawili ya chai, akiutazama kutoka upande wa pili wa kabati, na kuunakili nyuma ya ratiba ya usafi. Ulisema: mshipa wa dhahabu umepatikana tena, kina cha futi mia nane, nunua hisa zote kabla ya Jumatatu. Ulitoka Johannesburg. Utajiri uliojenga maghorofa anayoyapiga deki ulipita vidoleni mwa mwosha vyungu wa Unguja.

Alimpelekea Daktari karatasi ile, akamweleza juu ya kilima na bonde, juu ya pini na juu ya babu. Daktari alitabasamu kama anayeonyeshwa mchoro wa mtoto, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kesho yake utepe ulikuwa umegeuzwa. Baada ya hapo ndipo lilipokuja lile la ndoo na stoo.

Mayasa hakudai kushukuriwa. Shukrani, alimwambia Ezéchiel, ni kama marashi, hupulizwa na kupotea. Alitaka jambo moja tu: jina la Tumu bin Yasini liandikwe kwenye kibandiko, kando ya jina la Mwingereza aliyekuwa msimamizi wa kituo, ambalo lilikuwepo pale kwa herufi kubwa. Aliingia ofisini, akalisema hilo amesimama, kwa kuwa hakupewa kiti.

"Mama Mayasa, mimi nakuamini," alisema Daktari. "Lakini kuamini si ushahidi. Hatuna hati hata moja yenye jina hilo."

Beji ya kazi ilikuwa ikining'inia kifuani pake: M. K. TUMU. Daktari alikuwa akiitazama.

Ushahidi ulifika baada ya miezi miwili. Saida, binti wa kaka yake, aliubeba kutoka Unguja ndani ya Msahafu wa Khatibu, ulimokuwa umehifadhiwa miaka yote: kipande cha utepe, urefu wa shubiri, mstari wa wino uliopauka, na mwishoni mafiga yale yale. Daktari aliweka vipande viwili chini ya lenzi. Nafasi kati ya tundu na tundu ililingana. Aliifuta lenzi polepole, na Mayasa akafikiri kwamba anatafuta namna ya kuomba radhi.

"Hiki ni kitu cha thamani," hatimaye alisema. "Ingefaa utuachie. Huku kitatunzwa."

"Na jina litaandikwa?"

"Kamati italijadili."

"Basi na utepe utaisubiri kamati, Daktari. Sisi tumeutunza bila kamati."

Akaurudisha ndani ya Msahafu na kutoka. Tangu siku hiyo alisafisha kila kioo cha jengo isipokuwa kimoja. Alipoulizwa, alijibu kwamba hawezi kung'arisha uongo. Akapewa barua ya onyo, kisha nyingine, na mwisho wa mwezi akahamishiwa bohari la matairi huko Malvern. Hivi ndivyo taasisi zinavyojisafisha: anayejua sana hupelekwa mahali ambapo hakuna cha kujua.

Mwezi Septemba, Siku ya Urithi, makumbusho yalipofunguliwa bure kwa umma, Mayasa alivaa buibui lake jeusi na kwenda. Ezéchiel alikuwa mlangoni.

"Leo uko mgeni, Mama. Mfuko niangalie ao niache?"

"Angalia. Usije ukahamishiwa Malvern tukagombea tairi moja."

Akauangalia kwa heshima zote, akamfungulia mlango kwa mikono miwili.

Kabati lilikuwa na kibandiko kipya. Jina la msimamizi lilikuwa palepale. Chini yake paliandikwa kwamba utepe ulisomwa na watafiti wa makumbusho, na mstari wa mwisho ukasema: *matundu matatu mwishoni ni uharibifu uliosababishwa na wadudu.*

Mayasa aliusoma mstari huo mara mbili. Aliyeandika maneno yale alikuwa ameyaona matundu chini ya lenzi. Hakuna mtafiti mwingine aliyeyatazama kwa lenzi. Akaenda kwenye meza ya kitabu cha wageni, ambamo mtu yeyote anaruhusiwa kuandika na ambamo hakuna mfagiaji aliyewahi kuandika, akakalia kiti, safari hii bila kungoja kupewa, akaandika kwa Kiingereza cha shule, herufi zilizonyooka:

*Kwa Daktari Venter na kamati yake. Hakuna mdudu aliyetoboa utepe huu. Aliutoboa Tumu bin Yasini wa Unguja, aliyeusoma na kuupeleka, kwa sababu alikatazwa kutia jina, kama mnavyomkataza ninyi leo. Futeni neno wadudu. Andikeni jina lake kwa ukubwa ule ule mliompa msimamizi, na muandike ni nani aliyewageuzia utepe. Nitarudi Jumatatu kusoma. Mayasa Khatibu Tumu, mjukuu wake.*