Sindano Nne kwa Siku Moja

Nilipopata kandarasi ya kufundisha miaka miwili huko Afrika Magharibi, mama yangu aliniuliza swali moja tu: "Kwani hapa Thika watoto wa kufundishwa wameisha?" Baada ya hapo alininyamazia wiki tatu. Yeye alikuwa kwake Makongeni, mimi katika chumba nilichokodi Ruiru, na simu zangu hakushika.

Nilikuwa nimechelewa kwenda kuchanjwa, kwa hiyo nikadungwa zote siku moja: homa ya manjano, homa ya matumbo, homa ya ini na ya uti wa mgongo. Mbili mkono huu, mbili ule.

"Mikono itauma," nesi akaniambia. "Unaweza kupata homa pia. Kunywa maji, pumzika. Zikipita siku tatu hujapata nafuu, rudi."

Kesho yake nilishindwa hata kuvua sweta. Mikono ilikuwa mizito kama magunia ya mahindi yaliyolowa, mwili unawaka, na meno yanagongana juani saa sita mchana. Jirani yangu, ambaye husali kanisa moja na mama, akampigia bila kuniambia.

Mama alifika kabla ya saa tisa, na mfuko wa nguo mkononi na chupa ya uji chini ya kwapa. Hakunisalimu. Alinishika paji la uso, akasema, "Ngai! Na bado unataka kwenda?"

"Ni chanjo tu, mama. Itaisha."

"Nyamaza, unywe."

Alininywesha kikombe akikishika mwenyewe. Alinivua sweta polepole, mkono mmoja kwanza, kama anayemenya yai la moto. Kisha akaketi nyuma yangu kitandani akanichana nywele, maana mimi singeweza kuinua mkono kufika kichwani. Mara ya mwisho kunichana nilikuwa darasa la nne. Hatukuzungumza juu ya safari. Alinisimulia habari za kwaya, na za kuku wake aliyeacha kutaga. Nilifumba macho nikaomba homa isiwe na haraka.

Siku ya tatu niliamka mzima. Mama alinitazama nikijifunga leso mwenyewe, akaanza kukunja nguo zake. Nilimsindikiza hadi stendi. Hapo, akiangalia pembeni, akasema, "Wangekudunga hata ya tano, ningekaa siku moja zaidi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa nina miezi minane huku. Simu yangu anashika, kila Jumapili akitoka kanisani. Ananiambia nani amefunga ndoa, nani amehamia Juja. Mimi nataka kumwambia kwamba kuna jioni ninazotamani kuugua, ili tu mtu aje aketi nyuma yangu. Ninaishia kumuuliza kama mvua imenyesha.

"Imenyesha kidogo," ananijibu, na hakuna kati yetu anayekata simu.